Maji ya Mvua Ndani ya Rejeta

Walisema sitaweza, na walisema mbele yangu, nikiwa nimesimama nao na soda mkononi. Ilikuwa Makindu, nje ya duka la vipuri, mahali madereva wa Probox hungojea abiria wa kwenda vijijini. Nilikuwa nimerudi kutoka Uarabuni mwaka huo huo. Nikawaeleza kwamba nitafungua uwanja wa kufunza watu kuendesha magari kwa kasi, uwanja wenye kona na wenye sheria, na sheria ya kwanza itakuwa kwamba gari haliingii likiwa na kulanti, ule umajimaji wa dukani wa kupoza injini, ndani ya rejeta. Maji tu.

Walicheka hadi mmoja akakalia boneti.

"Sasa wewe Diploma," akasema mtoto wa baba mdogo, ambaye kwetu ni ndugu yangu kabisa, na ambaye Probox yake imebeba maembe na watu tangu tukiwa vijana. "Hapa mtu akipata kulanti ya kijani, ya dukani, anaitolea ushuhuda kanisani. Wewe unataka aimwage?"

"Aimwage."

"Aweke maji."

"Aweke maji."

"Maji gani?"

Hapo kicheko kikakolea, kwa sababu swali lilikuwa na uzito. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetudanganya. Ilinyesha siku chache, watu wakapanda ndengu, kisha ikaondoka bila kuaga. Punda walikuwa wakipita asubuhi hadi jioni na mitungi ya plastiki mgongoni kwenda kisima cha mashine, na maji ya kisima hicho ni ya chumvi. Ukiyapikia chai ya maziwa, maziwa hukatika. Ukiyaogea, sabuni haitoi povu. Rejeta za magari ya kwetu ukizifungua utakuta ukoko mweupe ndani kama sufuria iliyochemshiwa maji ya chumvi miaka mingi, na dereva atakuambia ndivyo rejeta zilivyo.

Mimi nilijua sivyo zilivyo. Niseme wazi nilikotoka ili msomaji asidhani nilikuwa mtu wa kubahatisha. Nina diploma ya ufundi wa magari niliyoisomea Kitui, nikilala kwa shangazi na kutembea kwenda chuoni, na nilimaliza nikiwa wa kwanza darasani. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa na diploma kabla yangu. Uarabuni niliajiriwa kuosha matairi katika karakana ya uwanja wa mbio za magari, na nilipoondoka nilikuwa mkuu wa mafundi wa magari ya kukodisha. Wenye uwanja waliniomba nibaki. Nilikataa kwa sababu nilitaka kufanya kazi hiyo hiyo mahali ambapo watu wananiita kwa jina la babu yangu.

Msimamizi wangu kule, mzee Mhindi aliyekuwa mkali kama pilipili na ambaye ninamshukuru hadi leo, alinipeleka siku ya kwanza kwenye kona moja akaniambia niiguse lami. Ilikuwa bado na alama ya kijani. Akaniambia gari moja lilipasua paipu hapo, kulanti ikamwagika, na mwendesha pikipiki aliyefuata hakuona kitu. Alipoinama kuikata kona, tairi zikamwacha. Kulanti imetengenezwa kwa kemikali nzito, laini kama mafuta. Haikauki upesi kama maji. Ukiimwagia maji bila utaratibu unaitandaza tu. Ndiyo maana viwanja vingi vya mbio huikataza, na ndiyo maana mimi, kabla ya kuwa na uwanja, nilikuwa tayari na sheria.

Uwanja wenyewe ulikuwa ni bahati ya ukoo. Wajenzi wa reli walikuwa wamekodi shamba la babu kuwa kambi yao, wakaweka lami pana ya kuegesha malori, na njia ya lami ya kuizunguka. Walipomaliza kazi waliondoka na mabati, milango, hata nyaya, lakini lami hawakuweza kuibeba. Baba alikuwa ameshafariki. Mwenye kauli alikuwa baba mdogo, na yeye alitaka lami ing'olewe, shamba lirudie ndengu.

Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa na mwaitu, mama yangu, kwa sababu kuna maombi ambayo mtu haendi nayo peke yake. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho. Ni mtu asiyekatiza.

"Sikupi," akasema. "Nakuazima. Mpaka mvua ijayo. Lakini nisikie mtu mmoja tu ameumia pale, hata kama ni mkono, mwethya inakuja na sururu. Tunang'oa yote."

Mwethya ni kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Wamejenga matuta na mabwawa ya mchanga kote Ukambani kwa mikono. Kung'oa lami yangu ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Na mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimeshaweka kila kitu pale kabla ya kuomba. Mapato yangu yote ya Uarabuni yalikuwa tayari yamegeuka kuwa karakana ya mabati, mitambo ya kuinulia magari na uzio. Kwingine kwa kwenda sikuwa nako. Nikasema asante, na nilimaanisha, kwa sababu mtu mwingine asingeniazima hata siku moja.

Ili kuwanyamazisha wale wa Makindu, niliwaita uwanjani Jumamosi moja. Wakaja na baba mdogo, na mama mdogo, mkewe, akaja kwa sababu alisikia kuna kitu cha kuchekwa. Nilimwaga kikombe cha kulanti upande mmoja wa lami, na kikombe cha maji upande wa pili. Kisha tukaenda kivulini kula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa aliopika mwaitu. Tuliporudi maji hayakuonekana hata alama. Kulanti ilikuwa pale pale, inang'aa.

"Pita juu yake," nikamwambia ndugu yangu.

"Hicho kikombe kimoja?"

"Pita tu. Ukitaka, kimbia."

Alikimbia kwa mbwembwe, na kandambili zake za plastiki. Mguu wa kwanza ulifika mbele ya mwili, wa pili ukamfuata, na akakaa chini kwa kishindo kilichowafanya wale madereva washikane mabega.

"Inuka, dereva," mama yake akasema. "Abiria wanangoja."

"Hiki ni kikombe," nikasema. "Rejeta moja ina vikombe vingapi? Na wewe ulikuwa kwa miguu. Sasa weka mtu juu ya pikipiki, ameinama, yuko kasi."

Baba mdogo aliiangalia ile kulanti kwa muda, akachukua mchanga akaimwagia, akausugua kwa kiatu, akaangalia tena. Bado iliteleza.

"Na maji yakimwagika?" akauliza.

"Yatateleza kidogo. Halafu jua litayanywa."

"Jua tunalo," akasema, akaenda zake.

Likabaki swali la maji gani. Ya kisima sikuyataka: yangeziba rejeta za watu na kula alumini ya injini, na mtu angenilaumu mimi badala ya chumvi. Maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri yalikuja Makindu kwa chupa ndogo ndogo, hayangetosha hata magari mawili. Maji yanayofaa yalikuwa maji ya mvua, yaliyotoka mawinguni na kupita kwenye bati tu. Na hayo, wakati ule, yalikuwa yamebaki kidogo kwenye matangi ya akina mama, yakitunzwa kwa ajili ya watoto wachanga, wagonjwa na chai ya mgeni.

Mama mdogo alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Nilimkuta anapeta mbaazi.

"Nimekuja kuomba kitu kizito," nikasema.

"Nimeshasikia. Soko lote limesikia. Unataka watoto wetu wanywe chumvi ili magari yanywe mvua."

"Mama, gari halinywi. Linayashika tu yazunguke, yatoe joto kwenye injini. Ukiliwekea mara moja limeshiba."

"Yatarudi?"

"Yale yale hayatarudi. Nitatia dawa ya kuzuia kutu. Lakini nitarudisha mengine. Ya mvua."

"Mvua iko wapi?"

Aliendelea kupeta, makapi yakamwangukia magotini. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu mwingine alikuwa ameniuliza: nitawafunza nini hasa hao vijana. Nikamwambia nitawafunza kufunga breki gari likiwa kasi bila kulipoteza, kuangalia mbali, kuijua kona kabla ya kuifikia, kusikia injini inapolalamika, na kuacha kabla haijaharibika. Nikamwambia kwamba kwangu hakuna lori linalokuja mbele.

Aliweka ungo chini. Mtoto wake wa kiume aliendesha kila siku kwenye barabara ya Mombasa, katikati ya malori, na anavyoendesha sote tulijua. Na wengi wa akina mama wa kikundi chake walikuwa na mtoto kama huyo. Wawili walikuwa wameshazika.

"Afadhali wakimbilie kwako kuliko kule," akasema. "Nitaongea nao. Lakini sikiliza. Hatuuzi maji. Tunaazima, kama kazi ya mwethya. Mtungi kwa mtungi. Mvua kwa mvua. Ukiniletea ya kisima nitayatambua hata kabla hayajafika mdomoni."

Nimesimama mbele ya mameneja wenye saa za dhahabu wakinisifu, na sijawahi kujisikia nimeheshimiwa kama wiki ile, akina mama walipoanza kuingia uwanjani mmoja mmoja na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wakautua mbele ya karakana yangu bila maneno mengi. Kila mmoja alikuwa ametia alama mtungi wake: kitambaa cha leso, uzi wa kiondo, kipande cha bangili. Mmoja alikuja na nusu mtungi, akaniomba radhi. Akaniomba radhi mimi.

Na si wao tu. Mwenye duka la vipuri aliniazima vibano vya paipu na pampu ya kupimia mfuniko wa rejeta kama bado unashika mgandamizo. Mwenye malori mmoja aliniazima matairi yaliyokwisha, tukayapanga kwenye kona. Daktari mmoja wa kike aliyekuwa akifanya kazi upande wa Mutomo, na ambaye hupenda pikipiki kubwa kuliko mtu yeyote ninayemjua, aliniazima kofia ngumu alizokuwa nazo, akasema atakuja siku ya ufunguzi kwa kazi mbili: kuendesha, na kutibu kama itabidi.

"Usije ukapata kazi ya pili," nikamwambia.

"Hiyo ni juu yako, fundi."

Siku ya kubadilisha maji nilisimamia kila gari. Niliwafundisha madereva mambo ambayo kwa wengine yalikuwa mapya. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto, hata kama una haraka, hata kama una kitambaa, maana yale maji yamebanwa ndani yakiwa moto kupita kiwango cha kuchemka, na yakipata nafasi yanaruka usoni. Sindano ya kipimo cha joto inaangaliwa kila unapofika kwenye sehemu iliyonyooka. Ikianza kupanda, unainua mkono, unatoka kwenye njia, unasimama nje, hufungui boneti. Na kabla ya kuzima gari lililokimbia, unazunguka mzunguko mmoja polepole ili maji yaendelee kuipoza injini.

"Na baridi?" dereva mmoja wa kutoka Mbooni akauliza. "Kulanti si inazuia maji yasigande?"

"Kwenu Mbooni maji yameganda lini?"

"Mwezi wa saba kuna baridi, bwana."

"Vaa sweta. Gari litakuwa sawa."

Kulanti tuliyotoa niliimimina kwenye pipa lenye kifuniko cha kukaza, na sikumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Kitu kile kina utamu, na mnyama akikilamba figo zinakufa. Katika kiangazi kama kile mbuzi hawaulizi. Kundi la baba mdogo lilipokuja likinusa mabeseni niliwafukuza kwa ufagio, na yeye, aliyekuwa uzioni, akaanza kunifokea kwamba nawapiga mbuzi wake. Nilipomweleza, aliwarudisha mwenyewe nyumbani, akarudi na mawe mawili akayaweka juu ya kifuniko cha pipa. Tangu hapo nikajua kwamba hata kama alitaka kuing'oa lami, hakutaka nishindwe kwa uzembe.

Ndugu yangu alikuja akachukua mitungi yake miwili, akasema atajaza Probox mwenyewe nyumbani, yeye si mtoto. Siku ya ufunguzi nilipomkagua nilibadilisha paipu ya juu, nikafunga vibano, nikapima mfuniko. Maji ndani yalikuwa meupe, hayana rangi ya kijani. Nikampitisha.

Watu walikuja kuliko nilivyotarajia. Wengine walitoka Machakos, wengine walipita tu barabarani wakaona vumbi. Akina mama walikaa upande wa kivuli na uji kwenye vibuyu. Baba mdogo alisimama peke yake karibu na kona kali kuliko zote, mikono nyuma. Nilijua alikuwa amekuja kuangalia nini.

Magari yalianza, machache kwa wakati, pikipiki zikingoja zamu yao. Nilisimama na leso nyekundu ya mwaitu kama bendera. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuificha: magari yalifuata mistari niliyochora, breki zilifungwa mahali nilipoonyesha, na vijana ambao hawasikii mtu walikuwa wananisikia mimi.

Kuelekea mwisho wa zamu ya magari, Probox ya ndugu yangu ilitoa moshi mweupe. Ilikuwa ikiingia ile kona. Nikaona maji yakimwagika chini yake, mengi, yanatoa mvuke, yakitandaa kwenye mstari mzima ambao pikipiki zingepita. Niliinua leso. Yeye aliinua mkono, akatoka kwenye njia, akasimama kwenye changarawe, akashuka, na hakugusa boneti. Kila kitu kama nilivyomfunza. Magari mengine yalipunguza kasi, yakatoka. Hakuna aliyeumia. Mshono wa rejeta yake ulikuwa umefunguka.

Tulikwenda wote pale. Jua lilikuwa kali, na maji yalianza kuondoka mbele ya macho yetu, kutoka pembeni kuja katikati, kama nilivyokuwa nimesema. Nikageuka kumwambia baba mdogo aangalie. Lakini alikuwa ameshainama anaangalia kitu kingine. Pale palipokauka palikuwa pamebaki doa jeupe.

Maji ya mvua hayaachi doa. Daktari alikuwa ameshavaa kofia yake, mkono kwenye pikipiki.

"Ni maji tu?" akaniuliza.

"Ni maji tu," nikasema, lakini sikuwa na hakika. Nilikuwa nafikiria kama ndugu yangu alitia kitu ndani baada ya mimi kumkagua. Kama lilikuwa doa la kemikali, nilikuwa nimeharibu uwanja kwenye kona ile ile, siku ile ile, mbele ya baba mdogo yule yule.

Kabla sijasema neno, baba mdogo alilowesha kidole kwenye maji yaliyobaki akakitia mdomoni. Nilimshika mkono nimechelewa.

"Chumvi," akasema. Akaonja tena. "Hii ni ya kisima chetu. Ya kwa shule ni kali zaidi."

Sote tukamgeukia mwenye Probox. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Yale ya mvua uliyapeleka wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwa mama. Alikuwa amefikia yale ya chini ya tangi, ya matope. Sasa mimi, mtoto wake, niweke mvua kwa Probox, yeye apikie matope? Nikayamwaga kwenye tangi lake, Probox nikaijaza ya kisima. Si miaka yote tumeweka ya kisima?"

Mama mdogo alikuwa amefika nyuma yetu. "Ndiyo maana," akasema. "Niliona tangi limepanda. Nikafikiri Diploma ameghairi, ameona haya kuniambia."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Rejeta yake ilikuwa imejaa ukoko wa miaka, akaiongezea chumvi, akaipeleka mbio, ingepasuka tu. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, kwa sababu wote walihitaji kusikia, kisha nikamshika bega, kwa sababu mimi pia nina mama.

Nilisugua doa kwa soli ya kiatu. Halikuteleza hata kidogo, lilikwaruza kama unga mkavu. Nikaleta ufagio nikalifagia, nikatembea mstari wote wa kona mara kadhaa, nikasimama mahali pale pale nikamfanyia daktari ishara aje. Nilitaka kama kuna mtu wa kuanguka, aniangukie mimi.

Alizunguka mara ya kwanza polepole, akiangalia chini. Mara ya pili aliinamisha pikipiki hadi goti lake likakaribia lami, akapita kwenye ile kona bila tairi kusita, na upepo wake ukanipuliza shati. Nikamsikia baba mdogo nyuma yangu akitoa pumzi puani.

Baba mdogo alikaa hadi pikipiki ya mwisho ilipozimwa. Kisha akaja karakana, akaomba maji ya kunywa, akanywa akiwa amesimama.

"Mtoto wangu ametoka pale hajaungua," akasema. "Zamani angefungua hiyo boneti. Hiyo lami iache." Akanirudishia kikombe. "Lakini bado nalidai shamba langu la ndengu."

Nililibeba hilo neno hadi mvua. Nilikuwa nimeshaweka mifereji kwenye bati la karakana na tangi kubwa chini yake. Sasa nikaomba mwethya waje, si na sururu za kung'oa, ila za kuchimba. Tulichimba mtaro kuzunguka lami, ukapita kwenye shimo la mchanga na makaa la kushika mafuta na vumbi la tairi, ukaishia kwenye matuta ya shamba la baba mdogo lililo chini. Nisingethubutu kufanya hivyo kama kulanti ingekuwa inamwagika kwenye ile lami. Niliandaa chakula, na siku zilizofuata mimi nikaenda kuchimba kwao kwa zamu yangu, diploma na kila kitu.

Mvua ilikuja mchana wa siku ya soko. Ilianza kwa upepo wa vumbi, ikafuata na matone makubwa yaliyopiga bati hadi hatukusikizana. Maji ya kwanza niliyaacha yapite yaoshe paa, ya pili nikayaelekeza kwenye tangi. Nje, lami yote iligeuka kuwa kioo, na mtaro ukajaa ukapeleka maji kwa baba mdogo kwa kasi. Nilimwona ng'ambo akiwa amevaa gunia kichwani, anafungua na kuziba matuta kwa jembe, amelowa chapachapa. Hakuniangalia. Alikuwa na kazi.

Mvua ilipotulia nilianza kurudisha. Vibano na pampu vilikwenda dukani, vimepakwa grisi. Matairi yalirudi kwa mwenyewe kwa gari langu. Kofia zilikwenda Mutomo, zimeoshwa, nikampelekea daktari na kikapu cha maembe. Kisha nikajaza mitungi, kila mmoja na alama yake, na ndugu yangu akaipakia kwenye Probox, yenye rejeta nyingine sasa, na maji ninayoyajua. Tulipita nyumba kwa nyumba. Yule aliyeniletea nusu nilimpelekea mtungi mzima. Alikataa hadi nikamwambia nusu ya juu ni ya kuniombea, akakubali. Wengine waliimba kidogo. Wengine walikuwa shambani wanapanda, wakaniambia niuache mlangoni, na kwa namna fulani hilo lilinifurahisha zaidi.

Wa mwisho alikuwa mama mdogo. Nilitua mitungi yake jikoni. Akafungua mmoja, akachota, akanywa, akakaa akifikiri.

"Ni ya mvua," akasema.

"Ni ya mvua, mama."

"Miwili nilisharudishiwa na huyu mwizi wako." Mtoto wake akajifanya hajasikia. "Yale yalikuwa ya wizi, haya ndiyo ya haki." Kisha akainama akachungulia ndani ya mtungi wa mwisho. "Lakini huu umepungua. Mimi nilikupa umejaa hadi shingoni."

Ulikuwa umepungua vidole viwili, kwa sababu ya barabara. Niliubeba hadi kwenye gari, nikarudi nao uwanjani, nikaujaza hadi ukamwagika mdomoni, nikaendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha gari lolote. Aliupokea kwa mikono miwili, akausukuma kwenye kona yake ya jiko, akaniambia nikae nile. Nilikaa, na sikuwa nadaiwa na mtu.